Injini yangu ya chesi ina majedwali ya mwisho wa mchezo, mbona haitangazi meti na inagawa malkia?

#1 Mwanakete
Wakuu salaam. Naomba kueleweshwa kuhusu yale majedwali ya mwisho wa mchezo, mafaili yanayojua matokeo ya kila mkao ubaoni zikibaki kete chache.

Nimempa Stockfish, ndiyo injini yangu ya chesi, majedwali ya Syzygy ya kete 3 hadi 5 (wafalme wawili wamehesabiwa humo). Mafaili yote pamoja hayafiki gigabaiti moja. Kisha nikamwekea mkao wa kete 7: nyeupe ana mfalme, malkia, ngome na askari, nyeusi ana mfalme, ngome na askari. Mkao ambao hata mimi naushinda huku naongea na simu.

Injini ikachukua malkia ikala ngome iliyolindwa. Mfalme mweusi akala malkia. Kabla ya hapo alama ilikuwa inaonyesha +199.98, baada ya hapo ikawa +200.00, halafu mfalme mweupe akaanza kutembea huku na kule kama hana haraka. Meti (mfalme kubanwa asiwe na pa kukimbilia) ilikuja kutangazwa baadaye sana.

Sasa naomba kujua: kama jedwali linajua kila kitu, kwa nini lisiseme tu "meti kwa hatua kadhaa"? Na malkia wangu kakosa nini?

#2 KambiPopote
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa mbele.

#3 NgomeTatu
Mkuu, umeanza na dhana ambayo siyo. Jedwali la Syzygy halijui meti. Narudia, HALIJUI umbali wa meti.

Kuna aina mbili za mafaili humo. Yanayoishia na .rtbw yanakwambia kitu kimoja tu: mkao huu ni ushindi, sare au kufungwa. Yanayoishia na .rtbz yanakwambia hatua zilizobaki hadi kaunta ya hatua 50 irudi sifuri, yaani hadi kete iliwe au askari asogee (hatua 50 zikipita bila hayo, mchezaji anaweza kudai sare). Basi. Umbali hadi meti haumo kabisa. Kwa hiyo unalidai jedwali kitu ambacho halikuandikiwa.

#4 binti_ubao
Nimuunge mkono NgomeTatu kwa mkao ambao kila mtu anaweza kuupanga sasa hivi.

Nyeupe: mfalme g6, malkia c3, askari a2.
Nyeusi: mfalme g8.
Zamu ya nyeupe.

Mtoto anaona meti mbili: malkia kwenda c8, au malkia kwenda g7. Sasa liulize jedwali la .rtbz. Malkia c8 inapewa 1. Malkia g7 inapewa 1. Na askari kwenda a3? Inapewa 1. Askari a4? Nayo 1. Kusogeza askari kunarudisha kaunta sifuri na ushindi bado upo, kwa hiyo kwa macho ya jedwali hatua hizo nne ni sawa kabisa. Anayekuambia jedwali pekee litakupigia meti hapo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

#5 MzeeWaMkwamo
@binti_ubao mkao mzuri. Lakini ngoja niuharibu kidogo: mweke malkia a2, askari b2, mfalme mweusi h8, mfalme mweupe abaki g6. Malkia a8 ni meti. Askari b3 bado ni ushindi, kwa sababu anaziba mshazari wa malkia na mfalme mweusi anapata g8. Askari b4? SARE. Mshazari unabaki wazi, g8 imefungwa, g7 na h7 ziko kwa mfalme, na hakuna cheki (mfalme hatishiwi). Mweusi hana pa kwenda.

Jedwali hilo linalijua bila kufikiri. Mchezaji aliyebakiwa na sekunde nne hajui. Nimeona watu wazima wakikunja ubao kwa hasira kwa ajili ya kijumba kimoja.

#6 KambiPopote
b4 😂😂 ningeicheza kabla hujamaliza kuweka kete.

#7 NyumaGeuka
Kabla hatujafika mbali, kuna wasomaji wangependa kujua haya majedwali yanatoka wapi. Hakuna mtu aliyecheza mikao yote hiyo. Kompyuta inaanzia mwisho.

Inachukua mchanganyiko mmoja wa kete, tuseme mfalme na ngome dhidi ya mfalme. Inapanga kila mkao unaowezekana. Inatafuta mikao yote ambayo tayari ni meti na kuitia alama. Halafu inarudi hatua moja nyuma: mkao wowote ambao mwenye zamu anaweza kuingia kwenye meti hiyo ni ushindi kwa hatua 1. Inarudi tena, safari hii upande wa anayefungwa, na hapa ndipo penye kazi. Mkao wake hautiwi alama ya kufungwa kwa sababu hatua moja ni mbaya. Lazima KILA hatua aliyonayo imwingize kwenye mkao ambao mpinzani ameshapewa ushindi. Akibakiwa na mlango mmoja tu, hajafungwa. Basi inaendelea hivyo, mara upande wa nyeupe, mara upande wa nyeusi, hadi mzunguko mzima upite bila mkao mpya kupata alama. Iliyobaki bila alama ni sare.

Kwa mfalme na ngome, mkao mgumu kuliko yote unaisha kwa hatua 16. Kwa malkia ni 10. Maaskofu wawili 19. Askofu na farasi 33.

Na kwa nini huanza na kete 3, kisha 4, kisha 5? Kwa sababu kete ikiliwa unahamia jedwali dogo, na askari akigeuka malkia unahamia jedwali lingine. Hayo lazima yawe yameshakamilika.

Wazo lenyewe lilitolewa na Richard Bellman mwaka 1965. Thomas Ströhlein akalifanyia kazi kwenye tasnifu yake ya 1970. Halafu akaja Ken Thompson, huyuhuyu aliyeshiriki kutunga mfumo wa kompyuta wa Unix.

#8 Mwanakete
Ahsante @NyumaGeuka, imeingia vizuri. Lakini hapo ndipo umenichanganya zaidi. Kama kompyuta imehesabu kurudi nyuma kutoka kwenye meti, basi idadi ya hatua ilikuwa mkononi mwake. Kwa nini itupwe?

#9 DiskiImejaa
Nafasi, mkuu. Jina langu linajieleza.

Majedwali ya Nalimov, ya zamani, yalihifadhi umbali hadi meti. Ya kete 6 yalikula zaidi ya terabaiti moja. Syzygy ya Ronald de Man, iliyotoka 2013, inaweka kete 6 hizohizo kwenye takriban gigabaiti 150. Kwa kete 7, wale wa Chuo Kikuu cha Moscow walitumia kompyuta kuu ya Lomonosov mwaka 2012 wakapata majedwali yenye umbali wa meti: terabaiti 140. Syzygy ya kete 7 iliyokamilishwa 2018 ni kama terabaiti 17.

Namba kubwa zinabanika vibaya, ushindi-sare-kufungwa inabanika vizuri. Tena kuna ujanja: kama hatua bora ya mkao ni kula kete, mtunzi anaweza kuandika thamani yoyote inayorahisisha kubana, maana injini italazimika kujaribu hatua za kula kwanza kabla ya kuliamini jedwali. Na faili za .rtbz zimeandikwa kwa zamu ya upande mmoja tu. Ukiuliza zamu ya upande wa pili, injini inacheza hatua moja kichwani ndipo inapata jibu.

#10 KanuniNiKanuni
Nafasi ni sababu moja, siyo sababu yenyewe. Sababu kubwa ni kanuni ya hatua 50.

Nalimov alihesabu meti kana kwamba kanuni hiyo haipo. Unaambiwa "meti kwa hatua 90", unaifuata kwa uaminifu, hatua 50 zinapita hakuna kete iliyoliwa wala askari aliyesogea, mpinzani anamwita mwamuzi, sare. Ule ushindi wa kete 7 unaochukua hatua 549 hadi meti una thamani gani kwenye mashindano? Mapambo.

Ndiyo maana Syzygy ina majibu matano, siyo matatu kama alivyosema #3: ushindi, ushindi unaozimwa na kanuni ya 50, sare, kufungwa kunakookolewa na kanuni ya 50, na kufungwa. Jedwali limeandikwa ili kushinda mchezo wenye mwamuzi.

#11 NgomeTatu
@KanuniNiKanuni matano, sawa. Hoja yangu inabaki: umbali wa meti haumo.

Na kanuni hiyo yenyewe imeyumba kwa ajili ya kompyuta. Mwaka 1983 Thompson alionyesha kwamba maaskofu wawili dhidi ya farasi ni ushindi, na unaweza kufika hatua 66. Tangu 1851, kwa waandishi wa chesi Kling na Horwitz, watu walikuwa wanaamini farasi ana mahali salama pa kujificha. FIDE, shirikisho la chesi duniani, ikaongeza hatua kwa baadhi ya miisho, halafu 1992 ikarudisha 50 kwa yote.

#12 FarasiWawili
Na kuna ile ya 75 pia. Tangu 2014, hatua 75 zikipita mwamuzi anasimamisha mwenyewe hata kama hakuna aliyedai.

Mimi miisho naipenda kuliko mwanzo wa mchezo. Farasi wawili dhidi ya mfalme peke yake hawawezi kulazimisha meti. Mpe mpinzani askari mmoja, ghafla unaweza! Kwa sababu askari anampa hatua ya kucheza pale ambapo angekwama na kupata sare. Jedwali linasema inaweza kuchukua hatua 115. Kumpa adui kete ili umfunge, hebu fikirieni hilo.

#13 MzeeWaMkwamo
@FarasiWawili usimpe Mwanakete mawazo, tayari injini yake inagawa malkia.

#14 Kaunta_Sifuri
Tumezunguka sana, swali la malkia bado halijajibiwa. Nami nadhani halihusiani na .rtbz hata kidogo.

Tazama namba aliyoandika #1: +199.98. Kwenye Stockfish ya sasa, ushindi wa jedwali unaonyeshwa kama 200 ukiondoa umbali wa nusu-hatua (hatua ya upande mmoja) hadi kuingia ndani ya jedwali, kila nusu-hatua ikiwa 0.01. 200 ukitoa 199.98 ni nusu-hatua mbili. Malkia anakula ngome, moja. Mfalme anakula malkia, mbili. Kete zimebaki 5, mlango wa jedwali umefunguka.

Kwa mkao wa kete 7 injini ilikuwa nje ya majedwali yake. Huko nje alama yake ni makadirio tu: "niko mbele, +9" au vyovyote. Ndani kuna uhakika wa karibu 200. Ipi ataichagua? Yoyote inayofika mlangoni mapema! Meti ina alama kubwa kuliko jedwali, kwa hiyo kama ingekuwa imeiona meti ingeichagua meti. Haikuwa imeiona bado. Malkia kwake ni nauli.

Halikosi kitu jedwali, na injini haikukosea. Ushindi ulikuwa ushindi kabla na baada.

#15 binti_ubao
@Kaunta_Sifuri hesabu ya 199.98 imenikosha. Lakini inaeleza kugawa malkia tu. Kutembeatembea kwa mfalme baada ya hapo inaeleza nini? Pale zimeshabaki kete 5, faili zote anazo.

#16 Kaunta_Sifuri
Hapo nina dhana tu. Mkao ulio ubaoni ukishakuwa ndani ya jedwali, na .rtbz zipo, Stockfish inafanya kitu ambacho wengi hawakijui: inatumia jedwali mara moja, kwenye orodha ya hatua za kwanza, kutupa zile zinazoharibu ushindi. Zile za ushindi wa uhakika zinawekwa daraja moja. Kisha inazima majedwali na kutafuta kwa akili yake. Alama ya 200.00 inabandikwa juu hadi itakapoona meti yenyewe.

Kwa hiyo kutangaza meti ni kazi ya utafutaji. Jedwali ni bawabu tu wa kuzuia hatua mbovu.

#17 NgomeTatu
Hapo sikubali moja kwa moja. Kama hatua zote za ushindi ziko daraja moja, ingeweza kutembea hadi kaunta ikaribie 50. Lakini kaunta ikianza kupanda, .rtbz ndiyo inayozitenganisha: hatua ambazo haziwezi tena kumaliza ndani ya 50 zinashushwa daraja. Kwa hiyo jedwali linaendelea kuongoza. Matembezi ya injini ya #1 yananiambia .rtbz zake hazisomeki. Bila hizo, injini inabaki na .rtbw tu: inajua inashinda, haijui inasonga mbele au inazunguka. Dalili ni zilezile.

Mwanakete, fungua folda uangalie.

#18 Mwanakete
Nimefungua. Aina zote mbili zipo.

#19 DiskiImejaa
Kuwapo siyo kusomeka. Umeziweka folda moja au mbili? Kama ni mbili, kwenye Windows njia zinatenganishwa kwa nuktamkato, kwenye Linux kwa nuktapacha. Ukikosea hapo injini haikugombezi, inanyamaza na kusoma nusu. Ikiwaka inatoa mstari mmoja unaosema imepata majedwali mangapi, tazama hapo.

#20 Mwanakete
Folda moja. Mstari huo nimeuona, unataja majedwali 145.

#21 DiskiImejaa
145 ndiyo idadi kamili ya kete 3 hadi 5. Lakini sina hakika kama toleo ulilonalo linahesabu .rtbz pia au linaangalia .rtbw peke yake. Linganisha ukubwa: .rtbz zote pamoja ziwe megabaiti 560 na kitu, .rtbw kama 380.

#22 AskofuNaFarasi
Samahani nawakatiza. Nimesoma 33 pale #7 nikaguna. Niliwahi kupata askofu na farasi dhidi ya mfalme kwenye mashindano, mpinzani wangu kijana mdogo, kimya. Nilimsukuma hadi pembeni mwa ubao vizuri tu. Lakini pembe niliyomfikisha haikuwa ya rangi ya askofu wangu, na meti ya kulazimisha iko kwenye pembe ya rangi ya askofu. Ule mwendo wa kumtoa pembe mbaya hadi pembe nzuri, farasi akipita kama herufi W, nilikuwa nimeujifunza. Vidole vilikataa. Kijana alikuwa anahesabu hatua kwenye karatasi yake kwa vijistari, na mimi naviona vinaongezeka.

Sare. Nyumbani nikauweka mkao wangu wa pembeni kwenye tovuti ya Lichess, wao wana Syzygy ya kete 7 bure. Ushindi, hatua 20 hivi.

#23 MzeeWaMkwamo
Pole kaka. Jipe moyo, Walter Browne alikuwa grandmasta na yalimkuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Thompson alimwekea malkia dhidi ya ngome, kompyuta ikilinda ngome kwa kutumia jedwali. Vitabu vyote vilisema ni ushindi rahisi. Mkao ulikuwa wa kushinda kwa hatua 31. Browne akashindwa kumaliza ndani ya 50! Mashine ilikuwa inatoa ngome mbali na mfalme, kitu ambacho vitabu vilikataza, na ndicho kilichomsumbua. Akaenda akajifunza, akarudi, akaikamata ngome kwenye hatua ya 50 kamili.

#24 NyumaGeuka
@MzeeWaMkwamo 31 hiyo ni hadi kuila ngome au kumaliza kabla yake. Hadi meti yenyewe mkao mgumu kabisa wa malkia dhidi ya ngome ni 35. Watu huchanganya sana hizo mbili, na ndiyo vurugu iliyoko kwenye uzi huu mzima: kila jedwali linapima umbali hadi kitu chake.

#25 DraftiDaima
Chesi mnasumbuka bure. Drafti ya miraba 64 ilishamalizwa 2007. Jonathan Schaeffer na wenzake, majedwali ya hadi kete 10, mikao trilioni 39, wakaunganisha na utafutaji kutoka mwanzo. Wakicheza wote bila kosa ni sare. Nyinyi mko kete 7 mnashangilia.

#26 KambiPopote
Huyu katokea wapi tena 😂

#27 DiskiImejaa
Ametokea pazuri. Lakini drafti ina aina mbili za kete na inatumia nusu ya miraba. Chesi kila kete unayoongeza inazidisha mikao mara makumi. Kete 8 zikikamilika zitahesabiwa kwa petabaiti. Kete 32 sahau, diski zote za dunia hazitoshi.

#28 FarasiWawili
Halafu majedwali haya hayana kasri (mfalme na ngome kusogea pamoja kwa hatua moja). Yanachukulia haki ya kufanya kasri imeshakwisha. Mtu akikuletea mkao wa kete 5 ambao mfalme na ngome hawajawahi kusogea, jedwali linakaa kimya.

#29 MzeeWaMkwamo
Ukifika kete 5 hujafanya kasri, tatizo lako siyo jedwali.

#30 KanuniNiKanuni
Turudi kwenye mada. Mwanakete, fanya jaribio: weka SyzygyProbeLimit iwe 0, hapo majedwali yamezimwa. Rudia mkao uleule wa kete 7. Akigawa tena malkia, dhana ya #14 imeanguka. Asipogawa, tutajua.

#31 Mwanakete
Nimefanya. Majedwali yakiwa yamezimwa injini HAIKUGAWA malkia. Ilikaa kidogo na +11, kisha ikatangaza meti kwa hatua 9. Nikawasha majedwali tena, muda uleule wa kufikiri: malkia kaliwa tena.

Na @DiskiImejaa, .rtbz ni megabaiti 561.

#32 Kaunta_Sifuri
Imekwisha hiyo. Alama ya uhakika inaivuta mlangoni.

#33 NgomeTatu
Haijaisha. Ulimpa muda gani? Inawezekana majedwali yako yako kwenye diski ya kuzunguka, injini inapoteza muda ikisoma, inafika kina kifupi (hatua chache za mbele), haioni meti ya hatua 9. Hilo linaweza kutoa matokeo hayohayo bila mvuto wowote wa alama. Kuna SyzygyProbeDepth kwa ajili hiyo, inazuia kuuliza jedwali kwenye matawi mafupi.

#34 binti_ubao
Kuna na la tatu. Akishaona hatua ya karibu 200, matawi mengine yote yanatakiwa kuthibitisha kwamba yanazidi 200, na kinachozidi 200 ni meti tu. Kwa hiyo anayakata mapema. Bila jedwali, +11 inamwacha achimbe hadi aione meti. Siyo diski, siyo nauli, ni mkato. Au ni yote matatu kwa viwango tofauti.

#35 Kaunta_Sifuri
@binti_ubao hiyo ni yangu umeivalisha kanzu.

#36 binti_ubao
Siyo yako. Yako inasema amechagua malkia kwa sababu hakuona meti. Yangu inasema kwa nini hakuiona.

#37 DiskiImejaa
Mwanakete, hamisha majedwali kwenye diski ya haraka, weka nyuzi za kuchakata ziwe 1 ili matokeo yasibadilike kila ukirudia, futa kumbukumbu ya injini katikati ya majaribio, na badala ya muda mpe kina maalumu. Kama kwa kina kilekile bado anagawa malkia, NgomeTatu atulie.

#38 NgomeTatu
Na kama hagawi?

#39 Mwanakete
Nahamisha mafaili sasa. Nitaweka maandishi yote yanayotolewa na injini hapa, mistari yote, kila mtu ajisomee.